Presha ya macho isiyouma: maswali kuhusu glakoma ya pembe wazi

Nimeambiwa nina presha ya macho. Imetokana na presha yangu ya damu?

Hapana. Majina yamefanana tu, na kwa maoni yangu jina hili limewapotosha wagonjwa wengi. Ndani ya jicho kuna majimaji (siyo machozi) yanayotengenezwa nyuma ya irisi, yaani ile duara yenye rangi. Hupita kwenye mboni na kutokea kwenye chujio dogo lililo kwenye pembe, yaani pale irisi inapokutana na konea, kioo cha mbele cha jicho. Yakitoka kwa shida, msukumo ndani ya jicho hupanda. Hiyo ndiyo presha ya jicho. Glakoma yenyewe ni jambo la hatua nyingine: ni kufa kidogo kidogo kwa neva inayopeleka picha kwenye ubongo.

Kama pembe iko wazi, majimaji yanakwama wapi?

Chukua sinki. Tundu li wazi, hakuna kilichoziba juu, lakini maji yanashuka taratibu kwa sababu tatizo liko chini, kwenye bomba. Ndivyo ilivyo hapa: daktari akiikagua pembe anaikuta wazi, ila chujio lililo nyuma yake ni zito kupitisha. Ipo glakoma nyingine ambayo pembe hujifunga ghafla. Hiyo huja na maumivu makali, jicho jekundu na kutapika, na ni ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Ya pembe wazi haina vurugu yoyote.

Mbona naona vizuri tu?

Kwa sababu huanza kuchukua pembeni, na ubongo ni fundi wa kuziba viraka. Huoni doa jeusi. Pale palipopotea ubongo hujaza kwa kubahatisha, na jicho moja hulifichia jingine aibu. Mtu anasoma maandishi madogo bila taabu, huku anagonga bega kwenye fremu ya mlango au anashtuliwa na pikipiki "iliyotokea hewani".

Ndiyo maana kuna kipimo cha uwanja wa kuona. Unaegesha kidevu mbele ya kitu kama bakuli kubwa jeupe, jicho moja limefunikwa, unakazia macho katikati na kubonyeza kitufe kila kinapomulika kimwanga. Wengi hutoka wakidhani mashine ni mbovu kwa kuwa vimwanga vilikuwa vichache. Vilikuwepo.

Presha yangu ilitoka kawaida. Basi niko salama?

Si lazima. Kawaida huhesabiwa kuwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, lakini uchunguzi uliofanywa katika mji wa Tajimi, Japani, na kuchapishwa 2004, ulikuta kwamba asilimia 92 ya waliokuwa na glakoma ya pembe wazi presha yao haikuzidi 21. Upande wa pili, utafiti mkubwa wa Marekani ulifuatilia watu 1,636 wenye presha iliyopanda lakini ambao neva zao zilikuwa bado nzima. Baada ya miaka 5, glakoma iliwapata asilimia 9.5 ya wasiopewa matone na asilimia 4.4 ya waliopewa. Kwa hiyo presha kubwa ni hatari, si hukumu. Na presha ndogo si cheti cha uzima. Neva lazima iangaliwe.

Inasababishwa na nini hasa?

Jibu kamili halijapatikana. Umri mkubwa, kuwa na ndugu wa damu mwenye ugonjwa huo na kuwa na macho yanayoona vizuri vya karibu tu, kwa kiwango kikubwa, huongeza uwezekano. Mwaka 1997 iligunduliwa jeni ya myosilini, lakini inaeleza sehemu ndogo tu ya wagonjwa. Asili ya mtu nayo ina uzito: makadirio yaliyotolewa 2014 yaliweka glakoma ya pembe wazi barani Afrika kwenye asilimia 4.2 ya watu wa miaka 40 hadi 80, kiwango cha juu kuliko mabara mengine. Makadirio hayo yalihesabu watu milioni 64.3 duniani wenye glakoma za aina zote mwaka 2013.

Kuna sababu moja ya kujitakia: matone ya macho yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Mtu akiwashwa macho hupewa, hupona, kisha huendelea kuyanunua mwenyewe miezi na miezi. Presha hupanda kimya kimya.

Matone hayajaniongezea kuona hata kidogo. Niendelee nayo kwa nini?

Kilichokufa hakirudi. Matone hulinda kilichobaki. Utafiti wa Sweden ulionyesha kwamba kila milimita moja ya presha inayoshuka hupunguza hatari ya ugonjwa kusonga mbele kwa karibu asilimia 10. Vuta kope ya chini, dondosha tone moja, funga jicho, kisha bana kona iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili ili dawa isiteremkie puani na kuingia kwenye damu. Kama una pumu, mwambie daktari kabla hajakuandikia timololi, mojawapo ya matone ya glakoma.

Na leza?

Ni mwanga maalumu unaoelekezwa kwenye lile chujio ili lipitishe majimaji vizuri zaidi. Isiachwe iwe ya mwisho. Utafiti wa Uingereza wa 2019, wenye wagonjwa 718, ulikuta kwamba karibu robo tatu ya walioanza na leza hawakuhitaji matone hata baada ya miaka 3. Kilimanjaro, Tanzania, matokeo ya 2021 yalionyesha leza ikifaulu kwa asilimia 61 baada ya mwaka mmoja, timololi kwa asilimia 31. Nguvu yake hupungua, ila inaweza kurudiwa. Upasuaji wa kufungulia majimaji njia mpya hubaki kwa wale ambao presha imegoma kushuka.

Ndugu zangu nao wapimwe?

Ndiyo, kwanza kaka na dada zako, kisha watoto wako wakubwa. Kusoma herufi ukutani hakutoshi. Waombe presha ipimwe, neva iangaliwe, na ikionekana kuna shaka, uwanja wa kuona pia. Mboni hupanuliwa kwa dawa na kuona hufifia kwa saa kadhaa, kwa hiyo siku hiyo wasiende wakiendesha.