Samaki ndani ya udongo mkavu wa Bahi

Mwezi wa Septemba nilichimba bonge la udongo katika dimbwi lililokauka huko Bahi, mkoani Dodoma. Lilikuwa gumu hata jembe likadunda. Ng'ombe walikuwa wamelikanyaga dimbwi lile miezi kadhaa, na nyufa zake ziliweza kumeza kiganja changu chote. Nilililaza bonge hilo ndani ya ndoo yenye mfuniko, nikalisahau kwa makusudi. Mvua zilipoanza mwezi wa Desemba, nililitia kwenye beseni la maji ya mvua jioni. Asubuhi yake kulikuwa na samaki. Wadogo kama vipande vya uzi, macho mawili meusi na mkia unaotetemeka, lakini samaki kamili.

Nimesomea ikolojia ya nyanda kame na nimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na bado asubuhi ya namna hiyo hunikalisha chini.

Samaki hawa ni wa jenasi iitwayo Nothobranchius. Spishi mmojawapo, N. neumanni, aliandikwa na wanasayansi mwaka 1905 kutokana na samaki wa mto Bubu, upande wa Kondoa. Maisha yao ni mafupi ajabu. Dimbwi likijaa wanaanguliwa, wanakua kwa wiki chache, wanataga matopeni, kisha dimbwi likikauka wazazi wote wanakufa, asibaki hata mmoja. Kinachobaki ni mayai. Ndani ya yai, kiinitete husimamisha ukuaji wake. Kingine husimama mwanzoni kabisa, kingine kikiwa tayari na moyo, nao moyo hupunguza mapigo. Kingine hufikia hatua ya mwisho, kikawa samaki mzima aliyejikunja, akakaa hivyo akisubiri maji.

Kwa nini wasisimame wote hatua moja? Aliyeishi Dodoma jibu analijua hata bila darasa. Mvua ya kwanza ya Novemba mara nyingi ni ya uongo. Inanyesha siku mbili, dimbwi linajaa, halafu jua linarudi wiki tatu. Mayai yote yakianguliwa siku ile, ukoo umekwisha. Yakitofautiana, baadhi yanapotea na mengine yanabaki. Bibi mmoja mwenye shamba jirani na dimbwi lile aliniuliza natafuta nini. Tulipomaliza kusalimiana nikamweleza habari ya mayai. Hakushangaa. "Mwanangu, hata mimi mbegu sizimalizi kwa mvua ya kwanza," akasema, akaendelea na safari yake.

Naandika haya kwa sababu kila mwaka, ifikapo Oktoba, nasikia wageni wakishuka kwenye mabasi na kusema Dodoma ni jangwa. Si jangwa. Kwa kawaida tunaita jangwa mahali panapopata mvua chini ya milimita 250 kwa mwaka. Pwani ya jangwa la Namib haipati hata 25, na huko kuna mende anayesimama juu ya mchanga alfajiri, kiuno juu, ili ukungu wa baharini ugande mgongoni na utiririke hadi kinywani. Dodoma tunapata kati ya milimita 550 na 600 katika mwaka wa kawaida. Ila karibu zote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni miezi saba ya anga tupu, jua na upepo. Kwa hiyo kiumbe wa hapa hashindani sana na uchache wa maji. Anashindana na urefu wa kungoja.

Chukua mbuyu. Tumefundishwa kwamba ni tangi la maji, kwamba unakunywa masika na kutumia kiangazi. Sehemu kubwa ya uzito wa shina lake kweli ni maji. Lakini watafiti walioipima mibuyu ya Madagascar waligundua kwamba mti hauyatumii ovyo maji hayo. Mbao za mbuyu ni laini mno, na maji ndiyo yanayozikaza, kama upepo unavyokaza tairi. Ukiyamaliza, shina linalegea. Basi mti unaangusha majani, unajifunga, unangoja. Kwangua gamba kidogo utaona rangi ya kijani chini yake: shina lenyewe linaendelea na usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kidogo kidogo bila jani hata moja. Kisha, mvua zikikaribia na ardhi ikiwa bado vumbi tupu, mbuyu unachipua. Hapo ndipo akiba inapotumika, kutoa majani mapya, ili mvua ya kwanza iukute mti uko kazini. Ukipita barabara ya Dodoma kwenda Singida mwishoni mwa Novemba, angalia. Ndiyo miti ya kijani kati ya miti mingi mikavu.

Kongwa walijifunza habari hii kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza pale mradi wa karanga, sehemu ya mpango wa zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Mibuyu iliwahangaisha matingatinga. Mvua hazikufuata ratiba yao. Udongo wa mfinyanzi ulipokauka ukawa kama saruji, karanga zikakwama humo. Mwaka 1951 mradi ukafutwa. Wakati huohuo Wagogo walikuwa wakipanda uwele na mtama, mazao yanayojua kungoja. Mtama ukikosa maji hukunja majani na kusimama, mvua ikirudi unaendelea ulipoishia. Mahindi yakikaukiwa wakati wa mbelewele, hakuna kuendelea.

Digidigi naye nimtaje tu, maana anastahili makala yake: hunywa maji kwa nadra sana, hupata unyevu kwenye majani anayokula, mkojo wake ni mzito na kinyesi chake kikavu. Pua yake ndefu hupoza damu anapohema.

Hata maji tunayokunywa mjini yanangoja. Visima vya Makutupora vina kumbukumbu za kina cha maji tangu mwaka 1955, na zinaonyesha kina kikishuka mwaka hadi mwaka, kisha kikipanda kwa kishindo katika misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Mvua ya kawaida haifiki chini kiasi cha kutosha. Tunaishi kwa akiba ya misimu mikubwa, na mji sasa una watu wengi kuliko mji ule wa 1955. Jambo hili linanitia wasiwasi kuliko vumbi lolote.

Mahali ninapopata faraja ni kwenye visiki. Mashamba mengi yanayoonekana tupu yana visiki vya migunga na miti mingine iliyokatwa zamani, na mizizi yake chini bado hai. Kule Kalahari wachimba kisima walikuta mzizi wa mti wa Boscia mita 68 chini ya ardhi. Mche wa kitalu hauwezi kushindana na mzizi uliokwisha kufika kwenye unyevu. Ndiyo maana hapa Dodoma wakulima wengi wanafanya kisiki hai: unachagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu, unapogoa mengine, unafunga kitambaa ili wachungaji wakijue kisiki hicho, unakilinda dhidi ya mbuzi. Njia hii ilienea sana Niger kuanzia miaka ya 1980. Haihitaji kumwagilia.

Baada ya samaki wale kuanguliwa niliuchuja udongo, nikauacha ukauke tena, nikaurudisha ndani ya ndoo. Nikiutazama kwa kioo cha kukuzia naona mayai yaliyokataa kuamka, ya duara, yanang'aa. Nitautia maji Desemba ijayo.