Je, wajua kwa nini prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ziliongezewa viini (sehemu za ndani zinazofanya hesabu) badala ya kasi?

Pentium ya kwanza, prosesa ya kampuni ya Intel iliyotoka 1993, ilianzia megahezi 60, yaani mapigo milioni 60 kwa sekunde. Kufikia mwisho wa 2002, Pentium 4 ilikuwa imevuka gigahezi 3, yaani mapigo bilioni 3. Kasi ilipanda mara 50 ndani ya miaka tisa. Basi ilikuwaje hata Core i9-13900KS ya 2023, prosesa ya kompyuta ya mezani iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya kasi, ikaishia gigahezi 6 tu?

Jibu ni joto.

Mwaka 1974, Robert Dennard na wenzake wa IBM walionyesha kwamba ukipunguza ukubwa wa transista (swichi ndogo za umeme zinazounda prosesa) na kushusha volti kwa kiwango hichohicho, unapata transista nyingi zaidi na zenye kasi zaidi katika eneo lilelile, bila joto la eneo hilo kuongezeka. Kwa takriban miaka 30 viwanda viliishi kwa kanuni hiyo. Kisha volti ikagoma kushuka. Ilipokaribia volti 1, transista hazikuweza tena kujifunga sawasawa, na umeme ukawa unavuja hata pale zilipotakiwa kuwa zimezimwa. Intel ilikiona cha moto mwaka 2004: toleo jipya la Pentium 4 lililoitwa Prescott lilikuwa na transista ndogo kuliko lile la kabla yake, lakini lilichemka zaidi. Mwaka huohuo kampuni ilifuta mradi wa mrithi wake, Tejas, na baadaye ikafuta hata Pentium 4 ya gigahezi 4 iliyokuwa imeahidiwa. Safari ya Pentium 4 ikaishia gigahezi 3.8.

Hesabu iliyofuata inanivutia kuliko kitu kingine chochote katika historia hii. Umeme unaotumiwa na prosesa, ambao ndio unaogeuka joto, hutegemea kasi yake, mara volti, mara volti tena. Na ukitaka kasi zaidi, kwa kawaida inabidi uongeze volti pia. Sasa geuza mambo: shusha kasi na volti kwa asilimia 20. Utumiaji wa umeme unabaki 0.8 × 0.8 × 0.8, kama nusu hivi ya ule wa mwanzo. Nusu iliyookolewa inatosha kulisha kiini cha pili kama hicho. Kwa umeme uleule unapata viini viwili, kila kimoja kikifanya asilimia 80 ya kazi ya zamani: jumla asilimia 160. IBM ilikuwa imeshaweka viini viwili katika chipu moja ya seva, POWER4, tangu 2001. Mwaka 2005 Intel na mshindani wake AMD zikazileta prosesa za namna hiyo katika kompyuta za watu wa kawaida.

Lakini hiyo asilimia 160 haiji yenyewe. Programu iliyoandikwa kufanya jambo moja baada ya jingine hukalia kiini kimoja, vingine vikae bure. Wapishi kumi wanaweza kugawana kumenya vitunguu na kuchambua mchele, ila wali hauivi upesi kwa sababu wapishi ni kumi. Mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl alilisema hili tangu 1967. Chukua kazi ya dakika 60 ambayo dakika 3 kati yake haziwezi kugawanywa. Viini 8 vitaimaliza kwa dakika 10 na ushei, viini 64 kwa karibu dakika 4, na hata ukiweka viini milioni hutashuka chini ya dakika 3. Mzigo uliokuwa wa mhandisi wa chipu ukahamia kwa mwandishi wa programu, naye ndiye aliyelazimika kujifunza upya kazi yake.

Kwa hiyo unaponunua simu, usibabaishwe na maneno "viini vinane". Mwaka 2015 iPhone 6s ilikuwa na viini viwili tu, na bado ilizipita simu nyingi za viini vinane katika kazi za kiini kimoja kimoja, kwa kuwa kila kiini chake kilikuwa na nguvu zaidi. Uliza viini hivyo ni vya aina gani.

Ziko kazi zinazogawanyika karibu zote. Kupaka rangi nukta milioni kadhaa za skrini ni mojawapo, na ndiyo sababu kadi za michoro zilijazwa viini vidogovidogo tangu mapema. Nvidia, kampuni ya kadi hizo, ilipotoa CUDA, programu ya kuziandikia kazi nyingine, mwaka 2007, wanasayansi wakapata njia rahisi ya kuzitumia kadi hizo kwa hesabu za kawaida. Kufundisha akili mnemba ni kuzidisha na kujumlisha namba nyingi mno kwa pamoja, kazi inayofanana sana na ile ya nukta. Kadi ya Nvidia ya H100 ya 2022 ina viini 16,896, kila kimoja kikienda taratibu kuliko kiini cha kompyuta ya mezani, na kadi nzima hula hadi wati 700. Zikipangwa maelfu katika jengo moja, swali la kwanza la mhandisi linakuwa umeme utatoka wapi na joto lake litaondolewaje.