Msaada wa Fedha Katika Vyuo Vikuu vya Marekani: Mambo ya Kuzingatia kwa Familia Zenye Kipato Kidogo

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, yanapotangazwa, wazazi wa watahiniwa waliopata A au A- huanza kuulizia ufadhili kana kwamba ni jambo la kutafutwa baada ya chuo kupatikana. Kwa vyuo vikuu vya Marekani vinavyopokea wanafunzi wachache miongoni mwa maelfu wanaoomba, mpangilio huo huwapotosha. Sehemu kubwa ya fedha hutoka kwa chuo chenyewe na huamuliwa pamoja na udahili, na vyuo vingi haviruhusu mwanafunzi wa kigeni aliyejaza kwamba hahitaji msaada kurudi kuuomba baadaye. Kwa hiyo ombi la nafasi na ombi la fedha yaandaliwe kwa wakati mmoja.

Mipango ya hapa nchini inayowasaidia wanafunzi wa aina hii, kama vile KenSAP iliyoanzishwa mwaka 2004 na John Manners na Mike Boit, Zawadi Africa iliyoasisiwa na Susan Mboya kwa ajili ya wasichana, na Equity Leaders Program ya kundi la Equity, humwongoza mwanafunzi kuchagua vyuo, kujiandaa kwa mitihani na kujaza fomu, ilhali karo hulipwa kwa kiasi kikubwa na chuo kitakachompokea. Babake Susan, mwanasiasa Tom Mboya, alipofanikisha safari ya ndege ya wanafunzi 81 kwenda Marekani mwaka 1959, kazi kubwa ilikuwa kuchangisha nauli. Leo kazi kubwa ni makaratasi. Wapo pia wanaokutana na jina la QuestBridge, mpango wa ufadhili wa Marekani, kwenye simu na kuanza kujaza fomu zake. Mpango huo ni wa raia na wakaazi wa kudumu wa Marekani, pamoja na wale wanaosoma sekondari nchini humo, hivyo mwanafunzi aliyesomea Kangemi au Kayole hapa Nairobi asiupotezee muda.

Katika kuchagua vyuo, sera ya fedha ina uzito kuliko umaarufu wa jina. Vipo vichache ambavyo havitazami uwezo wa kifedha wa mwombaji wa kigeni wakati wa kumchagua, na ambavyo humkamilishia pengo lote la gharama akishachaguliwa. Miongoni mwao ni Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, na mwaka 2022 Dartmouth na Bowdoin viliingia katika kundi hilo. Vingine vingi humtazama mwombaji pamoja na mfuko wake, na bado hulipa mahitaji yote ya wale wachache wanaochukuliwa. Kundi la tatu hutoa punguzo la karo tu. Punguzo la nusu husikika kuwa kubwa, lakini gharama ya mwaka mmoja katika chuo cha binafsi huko inapozidi dola 80,000, nusu inayobaki haiwezi kulipwa na harambee ya kanisa, hata ifanyike mara ngapi.

Fomu ya fedha, ambayo kwa vyuo vingi ni CSS Profile, ndiyo inayowakwamisha wengi, kwa kuwa imetungwa kwa ajili ya watu wenye hati za mishahara. Tuseme mama anauza mitumba Gikomba na mauzo yake ya siku ni shilingi 6,000. Akishatoa bei ya nguo alizonunua, ushuru wa kaunti, mkokoteni na nauli ya matatu, mkononi hubaki shilingi 900. Akifanya kazi siku 24 kwa mwezi, kipato chake ni shilingi 21,600 kwa mwezi, yaani 259,200 kwa mwaka, na hicho ndicho kinachopaswa kuandikwa. Mwanafunzi akiandika mauzo badala ya faida, familia itaonekana kupata shilingi 1,728,000. Akiandika kipato cha mwezi mahali palipoulizwa cha mwaka, kodi ya nyumba pekee itazidi kipato chote, na afisa anayesoma atashuku kwamba kuna fedha zilizofichwa. Fomu huruhusu hesabu kuandikwa kwa shilingi ya Kenya, kwa hiyo hakuna haja ya kubadilisha kuwa dola.

Taarifa za M-Pesa nazo zinahitaji maelezo. Mweka hazina wa chama, yaani kikundi cha kuweka akiba, hupitisha fedha za wenzake kwenye laini yake, na mtu asiyejua chama huziona kuwa mapato yake. Iandikwe hivyo waziwazi katika nafasi ya maelezo ya ziada. Shamba la kijijini ambalo hati yake ingali kwa jina la babu si mali ya mzazi. Pasipo hati ya mshahara, barua ya chifu au kiapo mbele ya wakili husaidia, mradi tarakimu zilingane na za kwenye fomu. Tena, familia inapoulizwa itachangia kiasi gani, isiandike sufuri kwa kudhani kwamba umaskini ukizidishwa utaleta huruma. Kama mjomba alikuwa akilipia karo ya sekondari, atajwe.

Insha kuu katika Common App, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vingi vya Marekani, haizidi maneno 650, na haifai kugeuzwa kuwa maombolezo ya shida za nyumbani, kwa sababu shida hizo zimeshaelezwa kwenye fomu ya fedha. Barua za walimu zina uzito mkubwa zaidi ya tunavyozipa. Mwalimu anayeandika kwamba mwanafunzi ana nidhamu na bidii hajasema lolote. Ataje siku mwanafunzi huyo alipomsahihisha ubaoni.

Kwa kalenda ya KCSE, wengi huomba katika mwaka unaofuata mtihani, kwani makataa mengi ya kawaida huangukia mapema Januari na masomo huanza Agosti au Septemba. Mwombaji asiache nafasi yake ya KUCCPS, yaani ya chuo cha hapa nchini, kwa tumaini la ng'ambo. Udahili wa mapema unaomfunga mwombaji kwa chuo kimoja, ambao makataa yake mara nyingi huwa Novemba, uombwe tu pale chuo kinapoahidi kukidhi mahitaji yote. Maswali kuhusu mtihani wa SAT wa kuombea vyuo na msamaha wa ada za maombi hujibiwa bila malipo na washauri wa EducationUSA katika Ubalozi wa Marekani, Gigiri, kwa hiyo dalali anayedai fedha ili "kuhakikisha nafasi" aepukwe.

Barua ya msaada ikifika, isomwe mstari kwa mstari: je, inalipia bima ya afya, chakula wakati wa likizo na tiketi ya ndege? Ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, ambayo ni dola 350, hulipwa kabla ya mahojiano ya viza, na baadhi ya vyuo huigharamia kwa mwanafunzi mwenye msaada kamili iwapo ataomba. Aulize kwa barua pepe kabla mzazi hajakopa kwenye chama.