Kusambaza ujumbe hakumlipii mtoto matibabu

Picha ya mtoto mwenye mirija puani, na chini yake: "Kila ukituma kwenye kundi moja, shirika linamchangia shilingi 100." Ujumbe huu unazunguka miaka nenda rudi, na si kweli.

Ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa siri kutoka simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji, mtu wa nje hausomi. Hakuna shirika linaloweza kuhesabu umetumwa mara ngapi, sembuse kuulipia. Ukiona mishale miwili juu yake, ujue umeshapita mikono mitano au zaidi. Tarehe hauna, wodi haitajwi.

Watu huchanganya kwa sababu yapo makampuni yanayochangia kwa kila bidhaa inayouzwa; lakini pale kuna mauzo ya kuhesabu.

Tanzania, mgonjwa asiye na uwezo hupitia kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Ulizia hapo, si kwa namba iliyo kwenye ujumbe. Kikundi cha mtaani kikiomba mchango, omba kuona cheti cha usajili, kisha uliza ofisi ya serikali ya mtaa. Unapotuma pesa, soma jina kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa la mtu binafsi, simama kwanza uulize.

Yule pichani ni mtoto wa watu. Tafadhali, usiitume tena.