Mota Inasingiziwa: Dhana Potofu Kuhusu Mlango wa Gereji Uliogoma Kufunguka

"Mota imekufa, nataka nyingine yenye nguvu zaidi." Kwa mafundi wa milango ya gereji maneno haya yamekuwa kama salamu. Mwenye nyumba amebonyeza rimoti, mota imeunguruma, mlango umepanda kiganja kimoja ukasimama, naye ameshatoa hukumu. Mara nyingi mota hiyo ni nzima kabisa. Kilichokufa ni springi, na ukifunga mota mpya mahali pale, nayo itaunguruma na kusimama palepale.

Mota ya gereji haikutengenezwa kubeba mlango. Kazi yake ni kuuanzisha, kuuongoza na kuusimamisha. Mlango wa paneli wa gari moja una kilo 40 hadi 70 hivi, na wa magari mawili unaweza kupita kilo 100. Hata hivyo, mlango uliosawazishwa vizuri unapanda kwa mkono mmoja, kwa nguvu ya kunyanyua kilo 4 au 5 tu. Kilo zilizobaki zinabebwa na springi. Ama ni springi ya msokoto, iliyovishwa kwenye shafti juu ya mlango, ambayo hukaza mlango ukishuka na kulegea ukipanda, huku ikizungusha ngoma za pembeni zinazovuta kebo. Ama ni springi mbili za kuvutika, zinazolala sambamba na reli za juu, moja kila upande. Ikikatika, mzigo wote unaiangukia mota ghafla, nayo inahisi uzito isiouzoea, inakata au inarudisha mlango chini. Huo ni usalama unaofanya kazi yake, sasa mota ina kosa gani?

Dalili hazijifichi. Springi ya msokoto hukatika kwa mlio mkubwa kama wa kitu kilichopasuka, na watu wengi huusikia wakadhani kuna kitu kimeanguka darini. Simama ndani ya gereji, mlango ukiwa umefungwa, utazame juu: ukiona pengo la sentimita 5 hivi katikati ya mizunguko ya springi, jibu umeshalipata. Ile ya kuvutika utaiona inaning'inia, au vipande vyake vimeshikiliwa na kebo ya usalama iliyopitishwa katikati yake. Kama kebo hiyo haipo, siku springi itakapokatika kipande chake kitaruka kama risasi, kwa hiyo hakikisha imewekwa.

Kama huoni pengo, pima. Mlango ukiwa chini kabisa, na nasisitiza chini kabisa, vuta kamba nyekundu ili kuuachanisha na kitoroli cha mota, yaani kigari kinachouvuta mlango kwenye reli ya mota. Kisha nyanyua kwa mkono. Ukipanda kirahisi na kutulia wenyewe ukiufikisha nusu ya njia, springi ni nzima, na hapo ndipo una haki ya kuishuku mota. Ukiwa mzito kama umejazwa mchanga, au ukiporomoka unapouachia kidogo, iache mota kabisa. Kamba hiyo haivutwi mlango ukiwa juu kama springi ina shaka, kwa sababu wakati huo kitoroli ndicho pekee kinachouzuia mlango usimwangukie aliye chini.

"Lakini springi hizi hazina hata miaka kumi!" Springi haihesabiwi kwa miaka. Za kawaida hutengenezwa kwa takriban mizunguko 10,000, na mzunguko mmoja ni kufungua na kufunga. Nyumba inayotumia mlango mara nne kwa siku inaimaliza hesabu hiyo kabla ya miaka saba kutimia. Zichukulie kama tairi: zinaisha hata kama gari halijawahi kugongwa. Ndiyo maana zikiwa mbili hubadilishwa zote pamoja. Zilifungwa siku moja na zimefanya kazi sawa, kwa hiyo aliyebadilisha moja kubana matumizi kwa kawaida huita fundi tena baada ya muda mfupi.

Dhana hii ina binamu yake mbaya zaidi: kwamba mlango ukisita, dawa ni kuongeza nguvu kwenye skrubu au kitufe cha kurekebishia mota. Marekebisho hayo ni ya kuweka kiwango cha ukinzani ambacho mota itakata, hayaiongezei misuli. Ukiyapandisha, umeifumba macho mota, na siku mlango utakapomkuta mtoto au boneti ya gari, hautahisi upesi. Wakati huohuo gia ya nailoni ndani ya kisanduku inasagika taratibu. Fungua kifuniko: ukikuta unga mweupe, na mota inazunguka huku mnyororo umetulia, gia imekwisha. Gia hiyo ilikufa kwa sababu ya springi iliyochoka, kwa hiyo anayebadilisha gia na kuiacha springi anatwanga maji kwenye kinu.

Je, springi unaweza kuibadilisha mwenyewe? Ya kuvutika, kwa uangalifu, unaweza, mlango ukiwa juu, umebanwa kwenye reli pande zote mbili ili usishuke, na springi ikiwa haina mvuto. Ya msokoto mwachie mwenye vyuma vyake. Mlango wa mita 2.1 kwa kawaida unahitaji mizunguko saba na nusu, yaani robo-mizunguko 30, kila robo ukiishikilia kwa nondo mbili za kusokotea zinazoingia sawasawa kwenye matundu. Bisibisi haitoshei matundu hayo. Ikichomoka, inarudi na nguvu yote iliyokuwa inanyanyua mlango, na inachokutana nacho kwanza ni vidole, taya au meno. Ukimwita fundi, muulize kabla ya kuanza kama amepima unene wa waya, kipenyo cha ndani, urefu na upande wa msokoto. Anayekwambia "hii inakaribiana" hajakutosha.

Dhana zilizobaki ni ndogo, ingawa nazo zinachosha.

"Sensa za chini zimezuia mlango kufunguka." Hapana. Macho yale mawili, yanayofungwa karibu na sakafu, kwa kawaida si zaidi ya sentimita 15 kwenda juu, huzuia mlango kufunga. Mlango unaokataa kushuka, yasafishe na uyapange yatazamane. Unaokataa kupanda, yaache.

"Rimoti haifanyi kazi, basi mota imeungua." Bonyeza swichi ya ukutani kwanza. Kama mlango unafunguka, mota imeshajitetea. Badilisha betri ya rimoti, nyingi hutumia CR2032, kisha angalia kama kitufe cha kufuli kwenye swichi ya ukutani hakijawashwa, kwani hicho huzima rimoti zote kwa makusudi na hubonyezwa kimakosa mno. Kama rimoti inafanya kazi ukiwa karibu tu, tena tangu ulipoweka balbu mpya ya LED kwenye mota, itoe balbu hiyo ujaribu tena. Baadhi yake huvuruga mawimbi.

Kama hata swichi ya ukutani iko kimya, chomeka taa kwenye soketi ya mota kabla ya jambo lolote. Na kama mota imefunga na kufungua mara nyingi mfululizo, huenda imejizima kwa joto. Ipe nusu saa. Ikiguna bila kuzunguka kabisa wakati mlango ni mwepesi kwa mkono, mshuku kapasita, ambayo ni kipuri kidogo na si sababu ya kununua mota nzima. Kapasita hutunza umeme hata baada ya kuchomoa waya, kwa hiyo usiiguse kwa vidole.

"Paka grisi kwenye reli." Hili linaudhi kwa sababu linafanywa kwa nia njema. Reli hufutwa kwa kitambaa zikabaki kavu, maana grisi hukusanya vumbi na kuwa uji mweusi unaoyakwamisha magurudumu. Spreyi ya silikoni au ya grisi nyeupe ya lithiamu huenda kwenye bawaba, kwenye beringi za magurudumu na juu ya springi, mara mbili kwa mwaka. Spreyi ya kulegezea kutu si kilainishi cha kudumu. Inasafisha kisha inakauka.

"Ufungie pia komeo la mkono, usalama zaidi." Mlango wa mota wenye komeo la mkono lililofungwa ni paneli iliyopinda inayosubiri siku yake. Mota itavuta juu, komeo litakataa, na bati la paneli ya juu, pale mkono wa mota uliposhika, litajikunja. Liondoe komeo au liache wazi daima.

Na ukikuta mlango umesimama mshazari, upande mmoja juu na mwingine chini, na kebo moja imelegea kando ya ngoma, usibonyeze tena kuona kama utajinyoosha. Kila jaribio linatoa magurudumu mengine kwenye reli. Chomoa mota kwenye soketi, usivute kamba nyekundu, zuia watu kupita chini yake, na uache ulivyo mpaka kebo irudishwe na mtu atakayeibana shafti kwanza.