Uendelevu wa mazingira: chuo kikuu kinaingiaje?

Uendelevu wa mazingira ni kutumia ardhi, maji, misitu na bahari kwa namna ambayo leo tunapata riziki na watakaozaliwa kesho nao wapate yao. Maana hii ilienea duniani kutokana na ripoti ya 1987 ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland. Mwaka 1990 wakuu wa vyuo vikuu walikutana Talloires, Ufaransa, wakatoa tamko la kuliingiza jambo hili katika ufundishaji, utafiti na uendeshaji wa vyuo vyao. Tangu hapo makongamano hayahesabiki, na mengi huishia kwenye picha ya mgeni rasmi akipanda mti.

Mti si mbaya. Ila kupanda mti hakuhitaji shahada. Kinachohitaji chuo ni kuuchunguza mti, au samaki, au udongo, mwaka hadi mwaka, kisha kumpelekea majibu anayeutegemea.

Mwani wa Zanzibar unaonyesha hilo vizuri. Zamani uliokotwa ufukweni ukauzwa nje, maana ndani yake mna ute unaotumika viwandani kugandisha vyakula na dawa ya meno. Miaka ya 1970 Keto Mshigeni, mwanabotania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliutafiti na kuhimiza ulimwe badala ya kuokotwa tu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kilimo cha biashara kilianza Unguja, na katika vijiji kama Paje na Jambiani wanawake wakawa ndio wakulima wakuu: vigingi mchangani, kamba, na kazi yenyewe kufuata maji yanapokupwa.

Kisha bahari ikapata joto. Kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, ikaanza kuugua na kuoza kwenye maji ya kina kifupi. Spinosamu, aina nyingine ya mwani, ikastahimili, lakini bei yake ni ndogo. Hapa ndipo Taasisi ya Sayansi za Bahari, tawi la chuo hichohicho lililopo Zanzibar tangu 1978, ilipokuwa na la kusema. Mtafiti wake Flower Msuya alijaribu pamoja na wakulima kulima kotonii kwenye maji ya kina kirefu, ndani ya nyavu zilizoshonwa kama mirija ili mawimbi yasiukate. Akawahimiza pia wautengeneze mwani uwe sabuni na vyakula badala ya kuuza magunia ya mwani mkavu peke yake.

Njia hiyo nayo ina ugumu wake. Kina kirefu kinataka mashua, na wanawake wengi hawakufundishwa kuogelea. Majibu ya maabara hayamalizi kazi. Mtafiti asiyerudi kijijini hawezi hata kuujua ugumu huo.

Kuna upande mwingine ambao wapenda mwani hawaupendi sana. Utafiti uliofanywa Ghuba ya Chwaka, Unguja, ulionyesha kuwa chini ya mashamba ya mwani nyasi za bahari hupungua, na nyasi hizo ni malisho na maficho ya samaki. Kwa maoni yangu, hii ndiyo huduma kubwa kuliko zote ambayo chuo kinaweza kutoa: kusema wazi kwamba hata kilimo kinachosifiwa kuwa rafiki wa mazingira kina gharama yake. Mnunuzi wa mwani hana sababu ya kuyapima hayo. Mkulima hana vifaa.

Chuo pia hula umeme, huchota maji na kutoa taka, kwa hiyo mwenendo wake wenyewe unahesabika. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilifunga umemejua wa kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014. Unapoambiwa chuo fulani ni cha kijani, omba uone bili zake za umeme za miaka kadhaa, uulize na maji machafu ya mabweni yanakwenda wapi.