Je, wajua kwa nini bili ya kodi ya majengo Seattle hupanda kupita asilimia 1 ya kisheria?

Sheria ya jimbo la Washington, Marekani, inazuia jiji kuongeza kodi ya majengo kwa zaidi ya asilimia 1 kwa mwaka. Hata hivyo mwenye nyumba wa Seattle, au wa miji jirani kama Kent na Tukwila waliko Waafrika Mashariki na Wakongo wengi, anaweza kufungua bili na kukuta imepanda kwa asilimia 10. Hakuna sheria iliyovunjwa. Kikomo hicho hakihusu bili ya mtu mmoja mmoja. Kinachobanwa ni jumla ya fedha ambazo jiji linakusanya kwa wenye mali wote.

Aliyezoea utaratibu wa kwetu hupotea hapa. Tanzania, tangu 2021, kodi ya majengo hukatwa kwa kiasi maalumu kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Nairobi, kaunti hutangaza asilimia ya thamani ya ardhi. Kote kuwili kiwango hutangulia na makusanyo hufuata. Washington huanzia upande wa pili: jiji huamua kwanza jumla ya fedha, kisha jumla hiyo hugawanywa kwa thamani ya mali zote, na kiwango hupatikana mwishoni.

Tuchukue jiji la mfano. Mwaka jana lilikusanya dola milioni 100, na mali zote zilikuwa na thamani ya dola bilioni 50. Kiwango kilikuwa dola 2 kwa kila dola 1,000 za thamani. Mwaka huu linaruhusiwa milioni 101, pamoja na kodi ya majengo mapya, ambayo hupigwa kwa kiwango cha mwaka jana. Majengo mapya ya milioni 500 yanaleta milioni 1. Jumla ni milioni 102.

Sasa tuseme bei za nyumba zimepanda kwa wastani wa asilimia 10. Mali zote, pamoja na majengo mapya, zinafika bilioni 55.5. Gawanya, na kiwango kinashuka hadi takriban dola 1.84. Nyumba iliyokuwa ya dola 600,000 ikapanda kama wastani hadi 660,000 italipa kama dola 1,213, kutoka 1,200. Iliyopanda kwa asilimia 20, hadi 720,000, italipa takriban 1,323: hiyo ndiyo asilimia 10 inayowashtua watu. Na ile iliyobaki 600,000 italipa 1,103 tu, pungufu ya mwaka jana. Kwa hiyo swali la maana mtaani si kama nyumba yako imepanda bei, bali imepanda kuliko za wenzako au la. Na hata bei za mji mzima zikiongezeka maradufu, fungu hili la jiji halipati zaidi ya asilimia yake 1 na majengo mapya.

Kikomo hiki kina historia ya mvutano. Tangu mapema miaka ya 1970 kilikuwa asilimia 6. Novemba 2001 wapiga kura walipitisha hoja namba 747 iliyokishusha hadi asilimia 1. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya jimbo iliibatilisha hoja hiyo, lakini Bunge la jimbo likaitwa kwenye kikao maalumu na kukirudisha kikomo kilekile ndani ya mwezi huohuo. Kwa maeneo yenye watu 10,000 na zaidi kuna sharti la ziada: mfumuko wa bei ukiwa chini ya asilimia 1, kikomo kinakuwa ule mfumuko, isipokuwa baraza lipitishe azimio maalumu kwa kura nyingi kuliko kawaida.

Tatizo ni hesabu ya miaka mingi. Dola 100 zinazokua kwa asilimia 1 zinafika 122 baada ya miaka 20. Gharama zinazokua kwa asilimia 3 zinafika karibu 181. Mishahara ya zimamoto, mafuta ya magari na bima za wafanyakazi havisubiri kikomo. Mwaka 2022 mfumuko wa bei Marekani ulikuwa takriban asilimia 8.

Jiji hulizibaje pengo hilo? Huwaomba wananchi ruhusa ya kuvuka kikomo kwa kazi maalumu, na zaidi ya nusu ya kura inatosha. Seattle ilipitisha hivyo dola milioni 970 za makazi nafuu mwaka 2023, kwa miaka 7, na dola bilioni 1.55 za usafiri mwaka 2024, kwa miaka 8. Fedha hizi hukaa juu ya ile asilimia 1. Hapo ndipo bili inapopanda hata kwa nyumba ambayo thamani yake imetulia.

Mwaka 2024 na 2025 bungeni ilijadiliwa miswada ya kupandisha kikomo hadi asilimia 3, na haikupita. Wapinzani wana hoja nzito: mzee mwenye pensheni hana mfumuko wa mapato, wapangaji hubebeshwa kodi hii ndani ya pango, na kura humlazimu meya ajieleze. Lakini tupime ukubwa wa jambo lenyewe. Kwenye fungu la dola 1,200, tofauti kati ya asilimia 1 na 3 ni dola 24 mwaka wa kwanza. Mwaka wa 10, kikomo kikitumika chote kila mwaka, inafika karibu dola 287. Si kidogo kwa mwenye kipato cha chini. Sisi tunaona kikomo kinachofuata mfumuko wa bei, chenye dari, ni cha haki zaidi kuliko namba iliyogandishwa tangu 2001. Namba hiyo huhamishia huduma kwenye kura moja baada ya nyingine, na mlipaji hushindwa kujua analipia nini. Ila kikomo kisipandishwe bila kupanua msamaha wa wazee.

Msamaha huo tayari upo, na wengi wanaostahili hawauombi. Mwenye miaka 61 na zaidi, au mwenye ulemavu, anayeishi kwenye nyumba yake na kipato chake kiko chini ya kiwango cha kaunti, hujaza fomu kwa mthamini wa kaunti. Asipoomba, hapati. Anayeona nyumba yake imethaminiwa kupita kiasi hupeleka rufaa kwenye bodi ya kaunti. King County, kaunti iliyo na Seattle, inatoa siku 60 tangu notisi ya thamani itumwe. Apeleke bei za nyumba zinazofanana zilizouzwa karibu na tarehe ya uthamini. Malalamiko kwamba kodi ni kubwa hayasikilizwi pale, maana bodi huamua thamani tu. Bili yenyewe hulipwa nusu ifikapo Aprili 30 na nusu Oktoba 31, na rufaa inayosubiri uamuzi haisimamishi tarehe hizo.